Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: nani anapima figo za ng'ombe wetu?

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

YAH: KUPIMWA KWA MADINI YA RISASI KATIKA MAINI NA FIGO ZA MIFUGO INAYOCHINJWA MOSHI NA ARUSHA

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni mkaguzi wa nyama mstaafu, na maisha yangu ya kazi niliyamalizia machinjioni, kwenye kisu, ndoano na muhuri. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mlaji sawasawa na linavyoihusu ofisi yako. Mengi nitakayoyasema juu ya mwili wa mnyama wewe uliyasoma darasani kabla yangu, na uniwie radhi kwa kuyarudia. Nayaandika kwa ajili ya wenye bucha, mama wa supu na wafugaji watakaoisoma barua hii pembeni.

Ombi nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maneno. Naomba maini na figo za wanyama wanaochinjwa katika miji hii miwili zichukuliwe sampuli kwa utaratibu wa kudumu, zipimwe madini ya risasi, na matokeo yatangazwe kwa wanaokula.

Sababu ya kwanza ni namna ukaguzi wetu ulivyo. Mkaguzi anatumia macho, vidole na pua. Anamtazama mnyama akiwa hai, anavyosimama, anavyotembea, anavyopumua. Akishachinjwa, anapasua tezi, anabonyeza mapafu, analigeuza ini na kukata mifereji ya nyongo akitafuta minyoo bapa, ambayo kwa ng'ombe waliolishwa kando ya majaruba ya ukanda wetu wa chini si mgeni kabisa. Anatafuta malengelenge ya tegu, majipu, manjano, dalili za kifua kikuu. Ini bovu hujieleza lenyewe: limekakamaa, lina makovu, linanuka. Linatupwa, mwenye ng'ombe ananung'unika, kazi inaendelea. Risasi haifanyi lolote kati ya hayo. Ini lililobeba risasi mara kumi ya kiwango kinachokubalika Ulaya linaweza kuwa laini, lenye rangi yake ya hudhurungi, linalong'aa vizuri kuliko la jirani yake kwenye ndoano. Litapita. Mimi mwenyewe ningelipitisha leo, na mkaguzi yeyote hodari ningemtetea akilipitisha, kwa kuwa mezani pake hakuna kitu cha kumwambia vinginevyo.

Sasa twende ndani ya mnyama.

Risasi ikimezwa, haiingii yote mwilini. Kwa ng'ombe mzima, sehemu kubwa hupita na kutoka na kinyesi, na inayofyonzwa ni asilimia chache tu. Ndama anayenyonya ni habari nyingine. Utumbo wake unaisaka kalsiamu kwa ajili ya mifupa inayokua, na risasi huingia kwa njia zile zile za kalsiamu, kwa hiyo kiasi kile kile kinachompitia mama yake yeye hukifyonza zaidi mara nyingi. Ikiwa kilichomezwa ni kipande kizito, kwa mfano kipande cha sahani ya betri, mara nyingi hakitoki upesi. Huangukia tumbo la pili, lile lenye kuta za masega ambamo wachinjaji hukuta misumari, nyaya na sindano za kushonea magunia. Hukaa humo, huliwa na asidi taratibu, na kila siku humtolea mnyama dozi ndogo. Betri yenyewe huenda ilishaondolewa uani zamani, na ng'ombe bado anaila.

Ikishafika damuni, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi hushikana na chembe nyekundu na kusafiri nazo. Ini huipata mapema, maana damu yote itokayo matumboni hupitia hapo kwanza. Kiasi fulani ini hukitoa kwa njia ya nyongo, kingine kinabaki. Figo ndizo zinazobeba zaidi. Zinachuja damu usiku na mchana, na seli za mirija yake midogo, hasa katika sehemu ya nje ya figo, huinasa risasi na kuifungia ndani ya protini. Mtaalamu akiziweka seli hizo chini ya hadubini, huona vijipande vimejikusanya ndani ya viini vyake. Mwili unajikinga kwa namna hiyo: unaifunga sumu isizurure. Mnyama ananufaika kwa muda. Atakayeikaanga figo hiyo na vitunguu ndiye anayekabidhiwa kilichofungwa.

Nyama ya msuli hubaki na kidogo kuliko ini, figo na mfupa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeshasikia hoja kwamba nyama yetu ikipimwa inakutwa safi. Steki inaweza kuwa safi kabisa, na figo za ng'ombe yule yule zikawa hazifai kuliwa. Anayetaka kujua habari za risasi asiende kwenye paja.

Halafu kuna mfupa, ambao ndio ghala lenyewe. Mwili hauwezi kuitofautisha vizuri risasi na kalsiamu, kwa hiyo huijenga ndani ya mfupa pamoja nayo. Kwa binadamu mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo mwilini iko mifupani, na nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kuondoka. Damuni nusu huondoka kwa mwezi mmoja hivi. Kwa ng'ombe imeonekana kuchukua miezi kadhaa. Ndiyo maana figo na ini husimulia yaliyomfika mnyama siku za karibuni, na mfupa ukasimulia maisha yake yote. Ila ghala hilo halina kufuli. Ng'ombe akishika mimba au akianza kutoa maziwa, mifupa huachia kalsiamu, na risasi hutoka nayo. Hupita kondo la nyuma hadi kwa ndama aliye tumboni, na sehemu yake huingia kwenye maziwa. Mfugaji wa mlimani mwenye ng'ombe mmoja wa ndani anamkamua mnyama huyo miaka na miaka, na glasi ya kwanza ya asubuhi humpa mtoto.

Ndugu Mkurugenzi, kuna pengo moja la tarakimu ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.10 za risasi kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, na miligramu 0.20 kwa kilo ya maini na figo za ng'ombe na kondoo. Kikomo hicho cha maini na figo zamani kilikuwa 0.50, walikishusha mwaka 2021. Daktari wa mifugo naye, anapochunguza mzoga akitaka kujua kama ng'ombe aliuawa na madini ya risasi, hutumia kipimo cha namna nyingine: figo ikifikia miligramu 10 kwa kilo, hapo anaandika kwamba ni sumu ya risasi. Kati ya 0.20 na 10 ni mara hamsini. Ndani ya uwanja huo mpana yumo ng'ombe anayekula vizuri, anayekamuliwa, anayepanda gari la mnadani kwa miguu yake mwenyewe na kufika machinjioni bila dosari. Kwa daktari huyo si mgonjwa. Kwa mlaji hafai. Na mfumo wetu unamngoja aanze kuumwa ndipo umtambue.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua figo yenye miligramu 2 kwa kilo, ambazo hazimtoshi daktari kuandika sumu. Mtoto wa kilo 14 akila gramu 50 za figo hiyo, amekula mikrogramu 100 za risasi. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mikrogramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kuwa ndiyo dozi inayohusishwa na kushuka kwa uwezo wa akili wa mtoto. Kwa mtoto wetu hiyo ni mikrogramu 7. Sahani moja imempa dozi ya wiki mbili. Mwaka huo huo wa 2010, kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikifuta kiwango cha wiki kilichokuwa kikiruhusiwa, kwa kuwa hawakuweza tena kutaja kiasi chochote ambacho chini yake mtu yuko salama.

Moto hausaidii. Risasi ni elementi; haifi kwa kuchemshwa kama wafavyo minyoo na bakteria. Ukiichemsha figo, kiasi fulani kitahamia kwenye mchuzi, na mchuzi huo ndio supu ya saa moja asubuhi. Sisi wa huku pia tuna kisusio, ile supu ya mbuzi iliyotiwa damu, na damu ndiyo inayoibeba risasi kuipeleka kokote inakokwenda. Silaani kisusio. Nimekinywa, na nitaendelea kukinywa kwa mbuzi ninayejua alikokulia.

Inatoka wapi hapa kwetu? Watu wengi nikizungumza nao hutaja barabara, moshi wa magari, na wafugaji wanaokata majani kandokando ya lami ya Moshi na Arusha. Ni kweli kwamba petroli ilikuwa na risasi kwa miongo mingi, na nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Ni kweli pia kwamba iliyoanguka kwenye udongo haiozi, bado imo katika sentimita chache za juu, na ng'ombe humeza udongo na vumbi la majani pamoja na chakula chake. Nyasi zinazopandishwa mlimani kwa guta na pikapu ni bora zikatwe mbali na barabara kuu na mbali na gereji. Hata hivyo kwa maoni yangu hofu ya barabara imepitwa na wakati, na inatufanya tutazame upande usio.

Upande wenyewe ni betri. Betri moja ya kawaida ya gari hubeba kama kilo 8 hadi 10 za risasi. Zihesabu zilizomo mjini: za daladala, za malori, za bodaboda na bajaji, za sola zilizochoka kwenye mapaa ya vijijini. Kila moja hufa baada ya miaka michache, na ikifa ina bei, kwa hiyo haitupwi ovyo, hununuliwa. Wapo wanaozikusanya nzima na kuziuza nzima, na hao sina ugomvi nao. Wapo wanaozivunja uani kwa nyundo, wakamwaga maji yake makali kwenye mtaro, wakauza sahani na kuacha tope la kijivu pale chini. Kuku anachakura hapo hapo. Mbuzi anapita. Na ng'ombe, Ndugu Mkurugenzi, unamjua alivyo mlambaji. Akikosa chumvi atalamba ukuta, pipa, hata majivu. Nchi zinazochunguza vifo vya ng'ombe kwa sumu ya risasi zimekuwa zikiitaja betri iliyotupwa kuwa chanzo kikubwa, miaka nenda miaka rudi. Rangi za zamani zilizobanduka kwenye mbao na mabati yaliyokwishatumika, ambayo watu hujengea mabanda, nazo zimo. Vivyo hivyo mapipa ambayo hayajulikani yalibeba nini kabla ya kugeuzwa hori.

Mombasa si mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowaachia wakazi risasi kwenye damu za watoto wao, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Senegal, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer huko Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya udongo uliochanganyika na risasi ya betri. Habari hizo zilianzia kwa watoto. Ningependa yetu, kama ipo, tuikute kwenye figo ya mbuzi.

Inawezekana kuikuta huko. Kabwe, Zambia, palikuwa na mgodi wa risasi na zinki uliofanya kazi kwa karibu karne nzima hadi 1994. Miaka mingi baada ya kufungwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani walipima viungo vya ng'ombe na kuku wa eneo hilo. Maini na figo ndivyo vilivyowaambia habari: viwango vilikuwa juu kuliko vya wanyama wa mbali na mgodi. Kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula uani walikuwa na risasi nyingi kuliko kuku wa kisasa waliolishwa bandani. Moshi si Kabwe, na sitaki mtu anisome nikisema hivyo. Ila somo la kuku wale linahamishika bila taabu, kwa sababu hapa mjini kuku wa kienyeji tunamlipia zaidi tukiamini ndiye msafi, na mtaani kuku wa kienyeji ndiye anayechakura nyuma ya gereji.

Ndege wana jambo lao la pekee, na nalitaja kwa wauza firigisi. Kuku na bata humeza vijiwe vya kusagia chakula, wala hawachagui kijiwe na kipande cha risasi. Kipande kikiingia kwenye firigisi hukaa humo kikisagwa pamoja na mchanga, asidi ikiendelea kukiyeyusha. Bata wa porini waliuawa kwa njia hiyo kwa wingi, wakiokota marisau, vile vipunje vya risasi vya bunduki za wawindaji, chini ya maji, hadi Marekani ikapiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991. Nikiwa bado kwenye uwindaji: tangu kanuni za 2020 zilipofungua njia ya mabucha ya nyamapori, mnyama aliyepigwa risasi anaweza kufika kaunta kihalali. Risasi ya bunduki iliyotengenezwa kwa madini haya laini ikigonga mfupa hupasuka vipande, vingine vidogo kama vumbi, vikatawanyika sentimita 15 na zaidi kutoka kwenye jeraha. Kukata pale palipoingia tundu tu hakutoshi. Hilo ofisi yako na wenzako wa wanyamapori mnaweza kulimaliza kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Nirudi kwa mifugo, maana kuna desturi moja inayonikera. Ng'ombe anaanza kutetemeka masikio, anasaga meno, anagonga ukuta kwa sababu haoni, anasukuma kichwa kwenye nguzo, anaanguka na kupiga miguu. Hizo ndizo dalili za risasi ikishafika kwenye ubongo. Kwa mfugaji ni dalili za mambo mengine anayoyajua zaidi. Mmoja atasema maji moyo, mwingine kichaa, na wenzetu Wamaasai wa upande wa Monduli watasema ormilo, ile ndigana inayomzungusha ng'ombe kichwa. Mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini wakisema lolote kati ya hayo, kinachofuata ni kile kile: anawahiwa na kisu. Kabla hajawa kibudu anachinjwa, majirani wanagawana kwa bei nafuu, na maini na figo, kwa kuwa haviwezi kulala, huliwa usiku ule ule. Huyo sasa si ng'ombe wa miligramu 2. Huyo ni wa miligramu 10 na kupanda. Maafisa ugani wamesisitiza sana habari ya kimeta, na watu wengi leo wanaogopa kumgusa ng'ombe aliyekufa ghafla. Sijasikia mtu akiambiwa kwamba ng'ombe aliyepofuka na kushikwa kifafa karibu na mahali pa betri asiliwe.

Kuna na mzunguko mwingine ambao hautajwi. Mifupa ya machinjioni haitupwi. Husagwa ikawa unga wa mifupa, ukachanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai pamoja na dagaa na chokaa. Nimeeleza kwamba risasi ya maisha yote ya ng'ombe imo mifupani. Kuku wa mayai ni kiumbe anayefyonza kalsiamu kwa pupa kuliko mnyama yeyote bandani, na risasi inayomwingia sehemu yake hutokea kwenye kiini cha yai. Ulaya chakula kamili cha mifugo hakitakiwi kuzidisha miligramu 5 za risasi kwa kilo. Wasagaji wetu wa chakula cha kuku ni wengi, wadogo, na wengi wao ni watu waaminifu wanaonunua mifupa kwa gunia bila kujua ilikotoka. Ukipima unga wa mifupa wa wasagaji kumi wa Moshi na Arusha utakuwa umewapima ng'ombe wengi sana kwa gharama ya vipimo kumi. Ningeanzia hapo, kama fedha ni kidogo.

Najua wasiwasi utakaokuja mezani kwako: tukitangaza, watu wataacha kula maini. Nami sitaki waache. Mjamzito anapokwenda kliniki huambiwa ale maini aongeze damu, na ni ushauri mzuri. Kwa kipato cha wengi wetu hakuna chakula kingine chenye madini chuma kwa kiasi hicho kwa bei hiyo. Lakini tazama anayetumwa bucha ni nani. Ni mwanamke aliyepungukiwa madini chuma, na mtu wa namna hiyo hufyonza risasi zaidi kuliko aliyeshiba. Ni mjamzito, ambaye mifupa yake mwenyewe inaachia kalsiamu pamoja na chochote kilichojificha humo. Aliye tumboni mwake hana ukuta wa kuizuia. Kati ya walaji wote wa nchi hii, huyu ndiye tungepaswa kumhakikishia ini safi kuliko mtalii anayekula steki hotelini. Kumwambia aache maini ni kumwongezea upungufu wa damu. Kumwambia ale bila mtu kuyapima ni kumpa ushauri nusu.

Samaki wetu wa Ziwa Victoria wanaokwenda Ulaya wanatakiwa wasizidishe miligramu 0.30 za risasi kwa kilo, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kwa sababu shehena inaweza kurudishwa. Hivyo uzoefu wa kupima chakula kwa kiwango hicho si mgeni serikalini. Mlaji wa Kiboriloni hapa Moshi au wa Kwa Mrombo kule Arusha hana forodha ya kumkatalia shehena. Ana ofisi yako tu.

Kwa upande wa vitendo, hii haihitaji kusimamisha machinjio hata saa moja. Kinachohitajika ni gramu chache za figo na ini, mfuko safi, namba, barafu. Maabara hazipo mbali. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na huko kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na pale Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela yenye wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Wachukuliwe wanyama wa aina tofauti kwa makusudi: ng'ombe wa ndani kutoka mlimani, ng'ombe wa mnadani kutoka umaasaini, mbuzi wanaookota mjini, kuku wa kienyeji wa mitaa ya mafundi. Wakichanganywa wote na kutolewa wastani mmoja, wastani utasema kila kitu ni shwari, na mbuzi wa mafundi atakuwa amefichwa nyuma ya ng'ombe wa nyikani.

Sampuli isiyo na anuani ni bure. Tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na hereni zenye namba za kuvikwa mifugo masikioni, zilizozua maneno mengi. Hapa ndipo hereni ingejilipa: figo ikikutwa na risasi, namba ikuongoze hadi kwenye boma, afisa akatafute betri, ailete, udongo wa pale ufukiwe au uondolewe, na wanyama waliobaki wapimwe damu na wasichinjwe hadi ishuke. Nakuomba sana mfugaji huyo asitozwe faini. Alipwe thamani ya viungo vilivyotupwa, hata kama ni kidogo. Nimewashughulikia wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba ukimfilisi wa kwanza aliyekutwa na tatizo, wa pili atachinjia migombani usiku na hutamwona machinjioni kamwe.

Suala la wavunja betri si la wizara yako peke yake, liko pia kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na halmashauri. Lakini NEMC ikija bila ushahidi itakuta ua umefagiliwa. Ushahidi mnao ninyi, umening'inia kwenye ndoano kila alfajiri.

Kabla vipimo havijaanza, liko jambo moja ambalo halihitaji bajeti, nalo ni agizo kwa maafisa mifugo wa kata: ng'ombe yeyote aliyechinjwa kwa dharura akiwa amepofuka, anatetemeka au ameshikwa kifafa, asiliwe. Sampuli za ini na figo zitumwe Arusha, tumbo la pili lipasuliwe na lichunguzwe kama lina vipande vizito vya kijivu. Anayekata kichwa cha ng'ombe huyo akihofia kichaa cha mbwa achukue na figo, safari ni moja.

Naomba jibu lako nalo liwe la wazi, lisomwe na hao hao waliosoma barua hii, na litaje mambo matatu: maabara ipi itapima, nani atalipia vipimo, na matokeo ya kwanza yatabandikwa lini kwenye mlango wa machinjio.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro.